Kuchagua Upinde wa Kompaundi kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Upinde wa kompaundi ni upi, na unafanyaje kazi?

Ni upinde wenye kiunzi cha kati, ambacho mara nyingi ni cha alumini, mbawa mbili fupi na ngumu, na kwenye ncha za mbawa hizo magurudumu yanayoitwa kamu, ambayo hayakuchongwa kuwa duara kamili. Ugwe na kebo hupita kwenye kamu, hivyo unapovuta ugwe, kamu huzunguka na kuzipinda mbawa. Uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta ugwe, hupanda upesi mwanzoni, hukaa kileleni kwa inchi kadhaa, kisha huporomoka kamu zinapokaribia mwisho wa mzunguko wake. Hapo mpigaji hubaki ameshikilia sehemu ndogo tu ya uzito, ilhali mbawa zimekwisha kuhifadhi nguvu yote itakayousukuma mshale. Hataza ya ubunifu huu alipewa Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1969, baada ya kuiomba mwaka 1966.

Jambo la kushika katika maelezo hayo ni kwamba kamu hufika mahali zikagota. Upinde wa kawaida, yaani usio na kamu, unaweza kuuvuta kidogo au sana upendavyo, bali wa kompaundi una mahali pake pa kukomea, na mahali hapo pasipolingana na mwili wako, hakuna kifaa cha kuongezea kitakachorekebisha kasoro hiyo.

Je, ni lazima nijifunze kwanza upinde wa kawaida?

Si lazima. Upinde wa kawaida hufundisha mkao na uachiaji wa ugwe kwa vidole, na aliyeupitia huja na nidhamu nzuri, lakini wengi huanza moja kwa moja na kompaundi bila kupata hasara yoyote. Kilicho muhimu zaidi ni kupata mtu wa kukutazama unavyosimama katika wiki zako za kwanza.

Nikiwa dukani nianze kuangalia nini?

Anza na urefu wa kuvuta, yaani umbali kati ya kishikio na ugwe pale upinde unapogota. Wanunuzi wengi huanza na kasi, wengine rangi, na wengine jina la kiwanda, na ndiyo sababu soko la mitumba limejaa pinde ambazo hazijachakaa hata kidogo. Wenyewe waliziuza kwa sababu hazikuwafaa miili.

Urefu ukizidi, mkono unaoshika upinde hulazimika kunyooka hadi kiwiko kijifunge, bega hupanda, mgongo huinama kwa nyuma, na ugwe hupita ukiuchapa mkono wa mbele. Urefu ukipungua, mpigaji hujikunyata, kiwiko cha nyuma hubaki kimetokeza nje badala ya kwenda sambamba na mshale, na misuli ya mgongo, ambayo ndiyo inayopaswa kubeba kazi, haifanyi kazi yake. Kati ya makosa hayo mawili, la kuzidi ndilo lenye madhara makubwa kwa anayeanza, nalo pia ndilo linalotokea mara nyingi zaidi, kwa kuwa urefu mkubwa wa kuvuta hurusha mshale kwa kasi kubwa na wauzaji wengine hupenda kuionyesha kasi hiyo. Ukisita kati ya vipimo viwili vinavyokaribiana, chukua kifupi.

Nitaupimaje urefu wangu mwenyewe?

Simama wima mgongo ukiwa ukutani, nyoosha mikono yote miwili kwa upana bila kuilazimisha, kisha mwombe mtu apime kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi ncha ya kile cha mkono wa pili. Gawanya kipimo hicho kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 175 atapata sentimita 70, ambazo ni takribani inchi 27.5, na inchi ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye pinde karibu zote.

Hesabu hiyo hukupa mahali pa kuanzia tu. Upana wa mabega, urefu wa shingo, umbo la kifyatulio (kifaa cha kuachilia ugwe) na urefu wa kitanzi kilichofungwa kwenye ugwe huweza kuusogeza mkao wako kwa nusu inchi au zaidi. Kipimo cha mwisho hupatikana ukiwa umevuta upinde halisi huku mtu mwenye uzoefu akikutazama kwa ubavuni: mshale na kiwiko cha nyuma viwe karibu kwenye mstari mmoja, kichwa kiwe wima bila kuufuata ugwe, na ugwe uguse ncha ya pua au pembe ya mdomo bila wewe kuinamia mbele. Pinde nyingi za siku hizi zina kipande kwenye kamu kinachohamishwa kwa skrubu ili kubadilisha urefu, lakini baadhi hudai kamu nyingine kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Nichague uzito gani wa kuvuta?

Uzito wa kuvuta hupimwa kwa ratili, na namba iliyoandikwa kwenye ubawa ni ile ya kileleni, si ile utakayoishikilia ukiwa unalenga. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayeanza hufanya vizuri kati ya ratili 30 na 50, kwa kutegemea umbo na mazoezi yake, na hana sababu ya kuona haya kwa kuanzia chini ya hapo. Namba ya 70 hutajwa sana katika matangazo, na kwa kuwa ni takribani kilo 32, mtu anayefanya kazi nzito huiona ndogo; tatizo ni kwamba misuli inayovuta upinde, ile ya katikati ya mabega, haitumiki hivyo katika kazi nyingine yoyote ya kila siku.

Kipimo cha kuaminika ni hiki. Keti kwenye kiti, miguu ikiwa imetulia sakafuni, weka mshale, elekeza upinde kwenye shabaha, kisha vuta polepole bila kuuinua juu na bila kujipinda. Ukiweza kuvuta hivyo, ukashikilia kwa nusu dakika, ukarudisha ugwe taratibu mbele bila kunyang'anywa, uzito huo unakufaa. Ukilazimika kuelekeza mshale juu ili upate nguvu, punguza. Kuelekeza mshale juu wakati wa kuvuta ni tabia ya hatari, kwa kuwa mshale ukichomoka kwa bahati mbaya utapita juu ya kila kizuizi kilichowekwa nyuma ya shabaha, na vilabu vingi huikataza kwa sababu hiyo.

Tena, uzito wa leo haukufungi. Kompaundi nyingi za dukani huwa na nafasi ya takribani ratili 10 za kupunguza kutoka kilele chao kwa kulegeza boliti za mbawa, zote mbili kwa mizunguko iliyo sawa na bila kuvuka kikomo kilichowekwa na kiwanda, kwa maana boliti ikilegezwa kupita kiasi ubawa unaweza kuchomoka. Zipo pia pinde zilizotengenezwa mahususi kwa wanaoanza ambazo nafasi yake ni pana zaidi ya hapo, na mtu asiyejua mwili wake utafika wapi hana budi kuzitazama kwanza, hata kama zinapitwa kasi na nyingine.

Asilimia inayotajwa kuhusu punguzo la uzito ina maana gani?

Ni sehemu ya uzito inayoondoka upinde unapogota. Upinde wa ratili 60 wenye punguzo la asilimia 80 humwachia mpigaji ratili 12 tu za kushikilia. Punguzo la pinde za sasa kwa kawaida huwa kati ya asilimia 65 na 90. Punguzo kubwa hukupa muda wa kulenga bila kutetemeka. Punguzo dogo huufanya ugwe uvute mbele kwa nguvu zaidi, na wapigaji wengi wa mashindano hupenda hivyo kwa sababu mkono hautangitangi. Kwa anayeanza, asilimia 75 hadi 80 inatosha.

Natumia mkono wa kulia. Je, nichukue upinde wa kulia?

Angalia jicho kabla ya mkono. Upinde wa kulia hushikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa wa kulia, na jicho linalolenga ni la kulia. Kuna watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao lenye kutawala ni la kushoto. Ili kujua, nyoosha mikono, unganisha viganja uache kitundu kidogo katikati, tazama kitu kilicho mbali kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi, kisha rudisha mikono polepole hadi usoni. Kitundu kitafika kwenye jicho linalotawala.

Jicho na mkono vikitofautiana, ushauri wa kawaida ni kufuata jicho, na anayeanza hubadilika kwa urahisi kwa kuwa bado hana mazoea ya kuvunja. Wapo wanaoamua kufuata mkono na kufumba jicho jingine au kulizibia kwa kipande cha plastiki kwenye miwani, na wanalenga vizuri tu. Lisilowezekana ni kununua upinde wa upande mmoja kwa matumaini ya kuugeuza baadaye, kwa sababu kiunzi hukatwa dirisha la mshale upande mmoja pekee.

Urefu wa upinde wenyewe una umuhimu gani?

Hupimwa kutoka mhimili wa kamu ya juu hadi mhimili wa kamu ya chini. Pinde za inchi 28 hadi 33 hutengenezwa zaidi kwa ajili ya uwindaji, kwa kuwa hubebeka vichakani. Za inchi 35 hadi 40 ni za shabaha, nazo hutulia mkononi. Mtu mrefu akishika upinde mfupi, ugwe hujikunja kwa pembe kali unapovutwa na kitundu cha kulengea, kilichofumwa ndani ya ugwe, husogea mbali na jicho, hivyo huishia kuinamisha kichwa kukifuata. Kwa asiyekuwa na mpango wa kuwinda, au asiyejua bado atafanya nini, inchi 33 hadi 36 humpa nafasi ya kuamua baadaye.

Sambamba na urefu huo kuna nafasi kati ya kishikio na ugwe upinde ukiwa umepumzika, ambayo kwa kawaida ni inchi 6 hadi 7. Ikiwa ndogo, ugwe huusukuma mshale kwa umbali mrefu zaidi, kasi hupanda, na kosa lolote la mkono hupata muda zaidi wa kuupotosha mshale kabla haujaondoka. Chagua iliyo karibu na 7.

Upinde umeandikwa kasi ya futi 330 kwa sekunde. Nitaipata?

Hutaipata, na wala muuzaji hajasema uongo. Namba hiyo hupimwa kwa upinde wa ratili 70, urefu wa kuvuta wa inchi 30, na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito; ratili moja ni greni 7,000), bila kitu chochote kwenye ugwe. Kila inchi inayopungua kwenye urefu wa kuvuta huondoa takribani futi 10, na uzito wa kuvuta ukipungua au mshale ukiwa mzito zaidi, kasi hushuka tena. Mtu wa inchi 27.5 anayevuta ratili 50 atapata pungufu sana ya hapo, na mshale wake utafika kwenye shabaha ya mita 18 vilevile. Kamu zinazotafuta kasi hupanda kwa ukali na hushuka kwa ghafla, na ukilegea kidogo ukiwa unalenga hukunyakua mkono kwenda mbele. Kamu laini ndiyo inayomfundisha mtu kuvuta.

Na aina za kamu, nijali?

Kidogo sana. Zipo za kamu moja, za kamu mbili zinazoongozana, na za mseto, na kila kiwanda husifu zake. Za kamu mbili zinahitaji kugota kwa wakati mmoja, jambo ambalo fundi hulirekebisha kwa dakika chache. Jisikilize mwenyewe unapovuta, usisikilize jina.

Nikishapata upinde, ni vifaa gani vinavyohitajika?

Upinde mtupu hauwezi kutumika. Unahitaji egemeo la mshale, kilengeo chenye pini, kitundu cha kulengea kinachofumwa ndani ya ugwe, kitanzi kidogo cha kuunganishia kifyatulio, na kifyatulio chenyewe. Viwanda vingi huuza upinde ukiwa tayari na baadhi ya vitu hivyo, na kwa anayeanza seti hiyo haina ubaya, ingawa kilengeo cha kwenye seti ndicho kitakachokuwa cha kwanza kubadilishwa. Fimbo ya kutulizia upinde yaweza kusubiri. Podo la kiunoni ni bora kuliko lile linalofungwa kwenye upinde, ikiwa unapiga shabaha, kwa kuwa halikuongezei uzito upande mmoja.

Egemeo linaloukumbatia mshale pande zote ndilo rahisi kwa siku za mwanzo, kwa sababu mshale haudondoki hata ukitetemeka. Egemeo linaloanguka mshale unapoondoka ni sahihi zaidi, lakini hudai kufungwa kwa wakati mahususi, na likifungwa vibaya hugonga manyoya ya mshale bila wewe kujua.

Kifyatulio nitakisemea kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndipo tabia mbaya huzaliwa. Kile kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono na kubonyezwa kwa kidole cha shahada ni salama na huzoeleka upesi, ila humshawishi mtu abonye ghafla kila pini inapopita katikati ya shabaha, na baada ya miezi kadhaa hushindwa kabisa kutulia hapo. Kile cha kushikwa mkononi chenye kitufe cha kidole gumba humsaidia mtu kuvuta kwa mgongo hadi mshale uondoke wenyewe. Kuna pia kile kinachozunguka bila kitufe, na hicho kisiguswe bila mwalimu kando yako, kwa maana kinaweza kufyatuka ukiwa katikati ya kuvuta na ngumi ikakurudia usoni.

Mishale yoyote itafaa?

La. Mshale hupindika unaposukumwa, na ugumu wake lazima ulingane na uzito wa upinde, urefu wa mshale na uzito wa kigumba. Ugumu huandikwa kwa namba kama 340, 400 au 500, na namba ndogo ndiyo ngumu zaidi. Namba ya 500 ina maana kwamba uti wa mshale, ukiegemezwa sehemu mbili zilizoachana inchi 28 na kutundikiwa katikati uzito wa ratili 1.94, hushuka nusu inchi. Kila mtengenezaji ana jedwali lake; lifuate, wala usikisie.

Uzito nao una mpaka. Mshale usiwe mwepesi kuliko greni 5 kwa kila ratili ya uzito wa kuvuta, yaani greni 250 kwa upinde wa ratili 50, na kwa anayeanza ni vyema kuvuka mpaka huo kwa mbali. Usiikate mifupi sana pia, kwani mshale mfupi kupita kiasi unaweza kuchomoka nyuma ya egemeo na kuelekea kwenye mkono wako.

Kwa nini naonywa nisiachie ugwe bila mshale?

Kwa sababu nguvu iliyohifadhiwa katika mbawa ilikuwa iende na mshale. Mshale usipokuwapo, nguvu hiyo huurudia upinde wenyewe: mbawa hupasuka, ugwe huchomoka kwenye kamu, na vipande huweza kumrukia aliyeushika. Ndiyo maana pia mshale mwepesi mno hukatazwa. Dukani, rafiki anapoomba ajaribu tu kuvuta, mpe mshale na msimamishe mbele ya shabaha, au mnyime. Ugwe ukiachiwa bila mshale kwa bahati mbaya, usivute tena hadi fundi aukague upinde wote, hata kama kwa macho hauna dosari.

Je, ninunue upinde uliotumika?

Unaweza, na mara nyingi ni njia ya busara, ili mradi vipimo vyake ni vyako. Pitisha kipande cha pamba juu ya mbawa zote. Kikinasa, kuna ufa au nyuzi zilizoinuka, na upinde huo uuache. Tazama kamu kama zina makovu au zimepinda, na ugwe na kebo kama zimefumka. Ugwe uliochakaa si kasoro ya kukufukuza, kwani hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kwa upinde mpya, lakini ingiza gharama hiyo kwenye bei, pamoja na kazi ya fundi, kwa sababu mbawa lazima zibanwe kwa mashine maalumu kabla ya ugwe kuondolewa. Uliza pia kama vipande vya kubadilishia urefu bado vinapatikana kwa toleo hilo.

Mtoto wangu anakua haraka. Nimnunulie upi?

Upinde wenye nafasi pana ya kubadilisha urefu na uzito, au ule usio na urefu maalumu kabisa. Genesis, upinde wa kompaundi ambao hutumika katika mafunzo ya shuleni, hauna punguzo la uzito na haugoti mahali pamoja, hivyo mtoto na mzazi wanaweza kuutumia bila kurekebisha chochote. Uzito wake ni kati ya ratili 10 na 20. Usimnunulie mtoto upinde wa kukulia kama anavyonunuliwa viatu vikubwa.

Nikitaka kushindana, kuna masharti yanayogusa uchaguzi wangu?

Katika mashindano ya World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo wa upinde, uzito wa kuvuta hauruhusiwi kuzidi ratili 60. Kompaundi hupigwa mita 50 nje, kwenye shabaha ya kipenyo cha sentimita 80, na mita 18 ndani. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 itakuwa na mashindano ya kompaundi kwa timu mchanganyiko, na kwa mara ya kwanza upinde huu utaonekana huko, ingawa kwenye Paralimpiki umekuwapo kwa muda mrefu.

Nitajuaje kama nilikosea kuchagua?

Mwili utakuambia kabla ya shabaha. Alama nyekundu upande wa ndani wa mkono wa mbele kila baada ya mazoezi huashiria urefu uliozidi, au kishikio kinachoshikwa kwa ngumi badala ya kuegemezwa kwenye kiganja. Maumivu ya mbele ya bega yanayobaki hadi siku ya pili huashiria uzito uliozidi, na hayo usiyavumilie. Mishale inayotawanyika kulia na kushoto huku ikiwa sawa kwa urefu mara nyingi hutokana na mkono unaoukamata upinde na kuupindisha. Mishale inayoanza vizuri na kushuka baada ya dakika 20 hutokana na uchovu. Kabla ya kuuza chochote, legeza boliti za mbawa kwa ratili 5, punguza urefu kwa nusu inchi ikiwa kamu inaruhusu, kisha piga wiki mbili kwa umbali wa mita 10.